Tunalipa ada ya masomo au ya mpira na kwaya?

"Shikamoo mwalimu. Mtoto wetu wa kwanza wa kiume amemaliza darasa la saba mwezi wa tisa hapa Dodoma mjini, shule ya serikali, na amefaulu vizuri. Ana miaka 13. Ni mpole, haongei sana, anapenda mpira na kuchora malori. Amepata nafasi katika shule ya bweni ya wavulana ya kanisa, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Ada ni shilingi milioni 2.9 kwa mwaka. Kipeperushi chao kinasema wanatoa elimu ya mwili, akili na roho: michezo kila siku, kwaya, mdahalo, skauti, shamba la zabibu, mifugo. Mimi nimeipenda. Baba yake ni dereva wa malori, muda mwingi yuko safarini, naye anauliza: tunalipa ada ya masomo au ya mpira na kulima? Anataka shule nyingine ambako wanasoma mpaka saa sita usiku na wanatoa daraja la kwanza tupu. Mama mkwe anasema wavulana peke yao wakifungiwa pamoja huharibiana. Halafu sisi si wa dhehebu lile. Nimechanganyikiwa. Hii elimu ya pande zote ina maana, au ni maneno ya kutafutia wateja?"

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile mara ya pili nilijitahidi kuisoma kana kwamba mimi ndiye baba yake. Mtu anayelala kwenye kabini ya lori, leo Tunduma, kesho Isaka, ili mwanawe asome, ana haki ya kuuliza fedha yake inanunua nini. Sitaanza kwa kumpinga. Swali lake linachimba kuliko kile kipeperushi.

Ninavyowaelewa, mnaiona siku ya mwanafunzi kama debe la mahindi: kisado kikienda kwenye mpira, hisabati imepungukiwa kisado. Hesabu hiyo niliiamini na mimi kwa muda mrefu. Nimefundisha miaka 31, sehemu kubwa katika shule za bweni, na mwishoni nilikuwa mkuu wa shule ya wavulana hapa hapa Kanda ya Kati. Mwaka mmoja, nikiwa na tamaa ya kuona shule yangu inatajwa, nilifuta michezo yote ya kidato cha nne kuanzia Julai na kusogeza prepu, yale masomo ya usiku, hadi saa sita. Wazazi walinipongeza sana kwenye kikao. Matokeo yalipotoka yalikuwa yale yale ya mwaka uliotangulia, tofauti uitafute kwa tochi. Kilichobadilika ni mengine: zahanati ya shule ilijaa vijana wa kuumwa kichwa, wawili walitoana damu kwa ajili ya ndoo ya maji, na mwalimu wa fizikia akaniambia kipindi cha kwanza asubuhi anafundisha maiti zilizokaa. Mwaka mmoja wa shule moja si uthibitisho wa kitu, najua. Lakini ulinipa aibu ya kutosha nikaanza kusoma niliyopaswa kuyasoma zamani.

Nianze na usingizi, maana ndipo baba yake anapodanganywa. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala masaa 8 hadi 10 kila usiku. Ndicho kiwango wanachokipendekeza wataalamu wa usingizi. Shule inayosomesha mpaka saa sita usiku na kugonga kengele saa kumi na moja alfajiri inampa matano. Tatizo haliishii kwenye uchovu. Aliyofundishwa mchana yanakuwa bado yanaelea. Ni katika usingizi ubongo unapoyarudia, unayaunganisha na ya zamani na kuyapa mahali pa kukaa. Ukimnyima masaa matatu, umemnyima sehemu ya kujifunza kwenyewe, ile isiyoonekana na mwalimu wa zamu. Katika usingizi mzito ndipo pia homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi, na mwanao wa miaka 13 yuko kwenye umri wa kurefuka ghafla. Halafu katika balehe saa ya mwili husogea: usingizi unachelewa kumjia usiku na asubuhi unamng'ang'ania. Sisi walimu tuliita uvivu, tukampiga kwa huo.

Wewe ni mtu wa Dodoma, mvua zetu unazijua. Ikishuka yote kwa siku mbili za Januari, korongo linajaa, daraja linakatika, na wiki ya pili mtama unanyauka. Ikija kidogo kidogo, ardhi inakunywa. Kusoma ni vivyo hivyo. Somo la kemia la dakika 40 leo, maswali machache kesho bila kufungua daftari, na marudio wiki ijayo humshika mtoto kuliko masaa manne mfululizo ya kukodolea macho daftari lile lile usiku. Ile taa inayowaka mpaka saa sita inamfurahisha mzazi anayepita barabarani. Mtoto ndani yake anasoma mstari mmoja mara sita.

Michezo inaingia hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili mpaka ahema. Mazoezi huongeza damu inayokwenda kwenye ubongo, hupunguza msongo, humsaidia kupata usingizi, na baada yake umakini unarudi. Kwa hiyo saa kumi jioni uwanjani inairudishia prepu ya saa moja usiku kile ilichoikopa. Masharti yake ni kwamba uwanja uwe wa wote. Zipo shule ambazo "michezo kila siku" maana yake ni vijana 22 wa timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wanacheza na wengine 300 wamekaa kwenye nyasi. Uliza mtoto asiyejua mpira anafanya nini saa kumi.

Mdahalo na kwaya vina kazi nyingine ambayo wazazi wa mjini huwa hawaioni, na kwa mtoto wako huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Umesema katoka shule ya serikali. Kwa miaka saba amejifunza sayansi, hisabati na maarifa kwa Kiswahili. Januari ataingia darasa ambalo biolojia, jiografia na hata mwalimu wa hisabati wote watazungumza Kiingereza. Nimeona watoto wenye akili kali wakinyamaza muhula mzima wa kwanza, walimu wakawaandika "dhaifu". Hawakuwa dhaifu, walikuwa hawana maneno. Sasa mpole kama wa kwako hatanyoosha mkono darasani mbele ya 45. Lakini mpe sehemu ndogo kwenye igizo, mistari minne tu aliyoikariri, au mwambie asome kumbukumbu za mkutano wa klabu, au aimbe sauti ya pili katikati ya wenzake ambapo hakuna anayemsikia akikosea. Ulimi unafunguka mahali pasipo na alama. Wagogo wanajua hili kuliko mimi: nani katika ngoma za kwao alifundishwa kuimba kwa kusimamishwa peke yake? Unaingia katikati ya sauti za wengine, na siku moja unajikuta unaongoza. (Ikiwa shule hiyo ina zeze na ilimba, ala za Wagogo, kwenye kwaya yake badala ya kinanda cha umeme peke yake, waongezee alama moja kwa niaba yangu.)

Maneno "mwili, akili na roho" hayakubuniwa na aliyechapisha kipeperushi. Ni ya zamani katika shule za Kikristo, na wengi huyaegemeza kwenye Luka 2:52, kwamba Yesu alizidi kuendelea katika "hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu". Watu wa YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, walichora pembetatu yenye maneno hayo matatu, na hawakuishia kuchora. Mwaka 1891 James Naismith, mwalimu katika chuo chao cha Springfield huko Marekani, alibuni mpira wa kikapu kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wakigombana kwa kufungiwa ndani wakati wa baridi. Miaka minne baadaye William Morgan, mtu wa YMCA pia, akabuni mpira wa wavu. Huko Turin, padri John Bosco alikuwa ameshasema muda mrefu kabla yao kwamba mvulana anaongozwa kwa akili, dini na upendo, na kwamba mlezi ashuke uwanjani kukaa naye kabla hajakosea, asisubiri kumkamata akiwa amekosea. Wafuasi wake, Wasalesiani, wana chuo cha ufundi hapa hapa Dodoma. Kwa hiyo kuna urithi halisi nyuma ya maneno hayo. Ila urithi unaweza kurithiwa na mtu asiyejua matumizi yake, na kwenye shamba ndiko hilo linakoonekana haraka.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotangaza Elimu ya Kujitegemea, alitaka kila shule iwe na shamba ili mwanafunzi asiione kazi ya mikono kama kitu cha wasiosoma. Nani kati yetu wa umri wangu hakulima? Lakini tulichojifunza wengi wetu ni kwamba jembe ni adhabu. Umechelewa, kalime. Umeongea Kiswahili, kalime. Na mavuno yalikwenda wapi hatukuambiwa. Hapo baba yake yuko sahihi kabisa: halipi milioni 2.9 ili shule ipate kibarua wa bure.

Shamba linalofundisha lina daftari. Nikuambie kisa ambacho sijivunii. Tulikuwa na kuku 60 wa mradi wa kidato cha pili. Chanjo ya mdondo ni tone moja la jicho, kila baada ya miezi mitatu, na mimi ndiye niliyeshika dawa na tarehe kichwani. Nikasahau. Walikufa 41 ndani ya wiki moja. Wavulana walikuja ofisini kwangu na daftari la mradi: gharama ya vifaranga, mifuko ya pumba, mashudu ya alizeti, mayai waliyokuwa wameahidi kuuza bwaloni. Mmoja wao, kijana ambaye hisabati ilikuwa imemshinda, alikuwa amepiga hesabu ya hasara yote hadi shilingi ya mwisho, na chini ameandika: "Sababu: tarehe haikuandikwa." Niliomba radhi mstarini. Kuanzia siku hiyo kalenda ya chanjo ilibandikwa kwenye mlango wa banda kwa mwandiko wa yule kijana, na hakuna mwalimu aliyeruhusiwa kuigusa. Sijui ni kitabu gani kingemfundisha asilimia kama lile banda.

Kwa hiyo kwenye zabibu uliza hivi: wanafunzi wanashika hesabu za shamba? Wanajua kwa nini mzabibu wa Dodoma hupogolewa ukavunwa mara mbili kwa mwaka? Fedha ya mavuno inafanya nini, na nani anawaambia? Mtoto analima masaa mangapi kwa wiki? Na je, shamba hutumika kama adhabu? Ukijibiwa "ndiyo" kwenye hilo la mwisho, maswali yaliyotangulia yamekufa.

Kuhusu hofu ya mama mkwe nitakuwa mfupi, maana hapa watu hupenda kusema kwa uhakika wasiokuwa nao. Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 184 kutoka nchi 21 zilizolinganisha shule za jinsia moja na za mchanganyiko. Walipozichuja zile zilizofanywa kwa umakini, tofauti ikawa ndogo mno au haipo. Huko Seoul, Korea Kusini, ambako wanafunzi walikuwa wakipangiwa shule kwa bahati nasibu, waliosoma shule za jinsia moja walionekana kufanya vizuri zaidi kwenye mitihani. Ushahidi hauko upande mmoja, kwa hiyo usichague shule kwa sababu ni ya wavulana wala usiikatae kwa sababu hiyo. Nilichokiona mwenyewe ni faida ndogo ya kuchekesha: pasipo na wasichana wa kusukumiwa fagio, wavulana hufagia, hufua, husonga ugali wa watu 300 na kuimba sopurano. Na hatari niliyoiona si ndogo. Bweni la wavulana lisilo na mtu mzima usiku linatawaliwa na wakubwa, na wakubwa wengine ni wakatili. Wadogo hupokonywa chakula, hufulishwa nguo, hupigwa, na mara nyingine hufanyiwa mabaya zaidi ambayo hawatayasema. Mama mkwe anaogopa kitu cha kweli, ila kinachokileta si uvulana bali kutokuwepo kwa mlezi. Uliza patroni analala wapi. Awe anaishi kwenye jengo hilo au mlango wa pili, na kidato cha kwanza wasichanganywe chumba na kidato cha nne. Uliza pia kama wapo walimu wanawake na matroni, mvulana wa miaka 13 bado anahitaji mtu wa kumwambia "umekula?"

Na kwa kuwa baba yake yuko barabarani, fikiria hili. Wavulana wengi hawazungumzi wakikalishwa uso kwa uso na kuulizwa "una tatizo gani". Huzungumza wakiwa wanafanya kitu pembeni ya mtu: wanatengeneza baiskeli, wanamwagilia, wanasubiri zamu ya kubadilisha kwenye mechi. Mwalimu anayeshuka uwanjani na suruali ya michezo atasikia katika wiki moja mambo ambayo mshauri nasaha ofisini hayasikii mwaka mzima. Hiyo ndiyo maana ya pande zote ninayoiamini mimi. Shughuli peke yake haimlei mtu. Anayemlea ni yule aliye karibu wakati shughuli inaendelea.

Dhehebu. Mahubiri ya asubuhi hayatamdhuru mtoto aliyelelewa nyumbani kwa imani, na ukristo wa shule hautamfanya kuwa mwema kama chanjo. Nimewafukuza wavulana waliokuwa viongozi wa sala. Katiba ya nchi inalinda uhuru wa kuabudu, kwa hiyo mna haki ya kuuliza waziwazi kabla ya kulipa: ibada zipi ni za lazima, je, ataruhusiwa kushiriki na wenzake wa dhehebu lenu, au kwenye UKWATA, ule umoja wa wanafunzi Wakristo, kama tawi lipo, na je, kuna sakramenti au mafundisho atakayopewa bila ninyi kujua? Mkuu wa shule mwenye adabu hatachukia. Kisha uliza swali moja ambalo kwangu linapima roho ya shule kuliko idadi ya ibada: mwanafunzi akimwambia mwalimu wa dini kwamba ana mashaka, hufanywa nini?

Hilo linanipeleka kwenye fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu ya viboko itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, kwa kosa kubwa, visizidi vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Mimi ningependa viishe kabisa, ila kwa sheria ilivyo unaweza kuuliza kama kitabu hicho kipo. Shule isiyo na kitabu na yenye fimbo kila kona ya bwalo haina haki ya kuandika neno malezi kwenye kipeperushi.

Sasa nizungumze na baba yake moja kwa moja kuhusu ile shule ya daraja la kwanza tupu. Ndugu yangu, usikatae matokeo, yachunguze. Baraza la Mitihani huyaweka wazi kwa kila shule, na tangu Januari 2023 liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, kwa hiyo bango linalosema "ya kwanza kitaifa" uliulize lilipata wapi. Fungua matokeo ya kidato cha nne ya mwaka jana, hesabu watahiniwa. Halafu fungua matokeo ya kidato cha pili ya shule hiyo hiyo miaka miwili kabla, uhesabu tena. Kama kidato cha pili walikuwa 96 na kidato cha nne wakabaki 58, wale 38 walikwenda wapi? Wengine walihama kwa sababu za kawaida. Lakini shule inayopoteza zaidi ya theluthi ya watoto kati ya kidato cha pili na cha nne mara nyingi inachuja: aliyeshindwa kufikia wastani wao anaambiwa arudie au atafute shule nyingine, wenye uwezo wanabaki, na bango linaandikwa. Daraja la kwanza la namna hiyo ni la uchujaji, ufundishaji haujulikani. Na ukumbuke daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17 katika masomo saba; mwenye 8 na mwenye 17 wako kwenye safu moja ila hawafanani. Fanya hesabu ile ile kwa shule ya kanisa. Nazo zipo zinazochuja, tena kwa sala. Na zipo zinazojificha nyuma ya malezi wakati hazina mwalimu wa fizikia. Shule ambayo watoto wanaoingia wa kawaida wanatoka wengi wakiwa daraja la kwanza na la pili, bila kupungua njiani, hiyo inafundisha.

Mama, kabla ya kulipa chochote nenda huko siku ya kazi, Jumatano au Alhamisi, usisubiri siku ya mahafali. Fika saa tisa alasiri, ukae mpaka saa kumi na mbili. Omba kuona ratiba ya saa ishirini na nne, siyo ya vipindi tu, na uhesabu masaa ya kulala kwa vidole. Kulala saa tatu na nusu usiku na kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri ni jambo zuri. Ingia chooni. Onja maharage. Angalia kama maji yapo, kwa Dodoma hii si swali dogo. Angalia kama maktaba ina vumbi kwenye kufuli. Uliza kama wanafuata mkondo wa jumla au wa amali (ufundi) katika mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024. Na mwangalie mwalimu akipishana na mvulana njiani: mtoto anaendelea na mazungumzo yake, anasalimia, au anakauka?

Ada nayo ina uzito wake. Milioni 2.9 haiji peke yake: kuna sare, godoro, nauli, michango. Ikiwa mwaka wa pili mtaanza kumkopa mtu, au mdogo wake atakosa lishe, usiifanye. Mtoto anayerudishwa nyumbani kila katikati ya muhula kwa ajili ya ada hujifunza aibu kuliko somo lolote. Sekondari ya serikali haina ada tangu 2016, na mtoto wa kutwa anaweza kupata pande zake kwa kuunganisha: timu ya mtaa, kwaya ya kanisani kwenu, skauti, maktaba ya mkoa Jumamosi, na fedha kidogo ya ile milioni ikalipia mwalimu mzuri wa Kiingereza kwa mwaka mmoja. Na jioni moja kwa wiki baba yake ampigie simu yeye, asipige ya nyumba nzima. Hiyo si njia ya maskini. Wengine ninaowaheshimu wamelelewa hivyo. Lakini inahitaji mtu nyumbani wa kuisimamia, na wewe ndiye unayejua kama una masaa hayo. Kama ada mnaimudu bila kuumia, na shule ikapita kwenye maswali haya, mimi ningempeleka hiyo ya kanisa kabla ya ile ya saa sita usiku. Nisingesita sana.

Akienda, wiki nne hadi sita za kwanza atalia, au atasema anaumwa tumbo. Ni kawaida, usimrudishe mbio. Yapo ambayo si ya kawaida, na hayo hayasubiri likizo: ameanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, amekonda, hataki kuvuliwa shati, ana michubuko asiyoieleza, anashtuka akisikia jina la mtu fulani, amekuwa kimya tofauti na upole wake uliozoea, anagawa vitu vyake, au anasema heri asingezaliwa. Hapo nenda mwenyewe, siku hiyo hiyo, mchukue umpeleke hospitali akachunguzwe. Hapa tuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, ya Rufaa ya Mkoa, na Mirembe. Najua jina la Mirembe linavyofanyiwa utani mjini. Lipuuze, pale kuna wataalamu wa afya ya akili. Ukihisi amedhuriwa na mtu, nenda dawati la jinsia na watoto la polisi au afisa ustawi wa jamii, na simu namba 116 ya kuwasaidia watoto ni bure. Malalamiko ya ufundishaji au ya kuchujwa yapeleke kwa ofisi ya uthibiti ubora wa shule. Kama ana pumu, kifafa au selimundu, zungumza na daktari wake kabla ya Januari na umpe mkuu wa shule maelezo kwa maandishi.

Jambo moja umeliandika kama unapita, nami limenikaa. Anachora malori. Sina shaka unajua ni malori ya nani. Sanaa ni somo linalotahiniwa, shule nyingi hazina mwalimu wake. Siku ya kwenda kuiona shule, mchukue mwenyewe, na abebe daftari la michoro. Mwombe mkuu wa shule alifungue. Tazama anachofanya: analifunga haraka na kurudi kwenye fomu ya ada, au anamuuliza mtoto, siyo wewe, hili tela lina ekseli ngapi?